Gari Kongwe Nayo Ina Nasaba Yake

Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu umezoeleka kutajwa katika mikutano ya vyama vya ushirika na katika ripoti za wakaguzi wa hesabu, na aghlabu hudhaniwa kuwa unahusu fedha peke yake. Leo tunapenda kuutazama katika jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana kuwa ni mchezo wa matajiri wa nchi za mbali. Jambo lenyewe ni kazi ya kutafuta tarehe ya kuundwa kwa gari kongwe za Kimarekani, na ya kupambanua gari ya daraja moja na ya daraja jingine kwa kuyachunguza mapambo yake, namba zake na vibao vyake. Tunaamini kwa dhati kwamba katika kazi hiyo mna fundisho kubwa kwa wananchi wa visiwa, na kubwa zaidi kwa watendaji wa Serikali waliokabidhiwa madaftari ya umma.

Tuanze na mfano ulio wazi. Mwaka 1957 Chevrolet, ambayo ni sehemu ya kampuni ya General Motors, iliuza gari zake za kawaida kwa madaraja matatu. La chini liliitwa One-Fifty, la kati Two-Ten, na la juu Bel Air. Bodi ilikuwa ya namna moja na chesisi ilikuwa moja. Tofauti kubwa ilikuwa katika mapambo. Bel Air ilipachikwa bamba la alumini lenye mistari katika ubavu wa nyuma, wavu wake wa mbele ulitiwa rangi ya dhahabu, na viti vyake vilivalishwa vitambaa vya fahari zaidi. Two-Ten ilikuwa na wavu wa rangi ya fedha, na bamba lile la alumini haikupewa. Mnunuzi wa wakati ule aliilipia ziada Bel Air kwa ajili ya vitu hivyo. Mnunuzi wa leo, baada ya miaka zaidi ya 60, huilipia ziada iliyo kubwa zaidi.

Hapo ndipo mlango wa hila unapofunguka. Mapambo ya Bel Air yanatengenezwa upya siku hizi na kuuzwa madukani. Fundi bodi hodari aweza kuichukua Two-Ten, akaipachika alumini, akaubadilisha wavu, akavivalisha viti upya, kisha akaitoa gereji ikimeta kama bibi arusi. Mtu asiyejua ataitoa akiba yake ya maisha akiamini kwamba amenunua Bel Air. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini kiwanda kiliacha ushahidi wake. Namba ya Bel Air ya mwaka 1957 yenye injini ya V8 huanza kwa VC57, ilhali ya Two-Ten yenye injini kama hiyo huanza kwa VB57. Herufi inayofuata ni ya mahali ilipoundwa: F ni Flint, B ni Baltimore, S ni St. Louis, na O ni Oakland. Kadhalika, katika ukuta wa chuma unaoitenga injini na abiria kipo kibao kidogo cha kiwanda cha bodi, Fisher Body. Na katika namba za mfano za Chevrolet, 2454 ni Bel Air ya umbo la Sport Coupe. Namba 2154 ni Two-Ten ya umbo lile lile. Tofauti ni tarakimu moja tu, 4 au 1, nayo ndiyo inayomtenga muuzaji mkweli na mlaghai.

Wala ushahidi hauishii hapo. Chuma cha injini, kilipomiminwa katika kalibu, kiliandikwa tarehe. Katika injini nyingi za Chevrolet za miaka hiyo mwezi huonyeshwa kwa herufi, A ikiwa Januari na L ikiwa Disemba, kisha hufuata siku, na mwisho hufuata tarakimu ya mwisho ya mwaka. Basi maandishi ya C 12 7 maana yake ni tarehe 12 Machi ya mwaka unaoishia na 7. Je, ni 1957 au 1967? Chuma peke yake hakisemi. Msomaji hana budi kuiangalia namba ya aina ya injini, muhuri uliogongwa injini ilipounganishwa, vioo ambavyo navyo vina alama za wakati wake, na kibao cha bodi. Mashahidi hawa wote lazima wakubaliane, na lazima wafuatane kwa utaratibu: chuma kimiminwe kwanza, injini iunganishwe baadaye, ndipo itiwe katika gari. Injini iliyomiminwa mwezi wa Mei haiwezi kuwa ndiyo injini ya asili ya gari iliyotoka kiwandani mwezi wa Februari ya mwaka huo huo.

Wasomaji wetu waliokaa chuoni wakasomeshwa na masheikh watautambua mwenendo huu mara moja. Wanavyuoni wa hadithi hawakutosheka na uzuri wa maneno. Waliuliza nani amepokea kwa nani, na kila mmoja alizaliwa mwaka gani na kufa mwaka gani. Ikidhihirika kwamba mpokezi alizaliwa baada ya kufa kwa yule anayedai kumsikia, mlolongo hukatika. Si ajabu basi kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Elimu ya kuhakiki si mali ya Detroit peke yake. Imo katika malezi yetu tangu zamani, na tatizo letu ni kwamba tunaiacha msikitini tunapoingia ofisini.

Lipo pia suala la mwaka wenyewe, ambalo linawatatiza watu wengi. Kampuni ya Ford ilianza kuziunda gari za Mustang katika kiwanda cha Dearborn tarehe 9 Machi 1964, ikazitangaza rasmi kwa umma tarehe 17 Aprili mwaka huo katika maonyesho ya dunia ya New York. Hata hivyo zote ziliandikwa kiwandani kuwa ni za mwaka 1965, na namba zake huanza kwa 5. Sababu ni kwamba viwanda vya Marekani vina desturi ya kuuanza mwaka wa mfano mpya kabla ya mwaka wa kalenda, kama vile Serikali zetu zinavyouanza mwaka wa fedha mwezi wa Julai. Kwa hiyo gari yaweza kuwa ya 1965 kwa karatasi na ya 1964 kwa kuzaliwa, bila ya mtu yeyote kusema uongo.

Wapenzi wa gari hizo wakataka kuzitambua zile za mwanzo. Wakagundua kwamba Mustang za miezi ya kwanza zilichajiwa betri kwa dainamo, na kwamba takriban mwezi wa Agosti 1964 zilianza kutiwa altaneta. Wakati huo huo injini ndogo za mwanzo zilibadilishwa, na V8 ya inchi 260 ikatoa nafasi kwa ile ya inchi 289. Kibao cha mlangoni nacho huonyesha tarehe, siku kwa tarakimu na mwezi kwa herufi, hivi kwamba 16H ni tarehe 16 Agosti. Hata hapo wajuzi wanaonya kuwa tarehe hiyo ni ile iliyopangwa, na kwamba kazi yenyewe iliweza kuwahi au kuchelewa kwa siku kadhaa. Huo ndio uaminifu wa mtu anayeijua kazi yake: husema anachokijua, na husema pia mpaka wa anachokijua.

Mustang iliyopewa namba 5F08F100001, yaani ya kwanza katika orodha, iliuzwa mwezi wa Aprili 1964 huko Newfoundland, Canada, kwa rubani mmoja wa ndege, ingawa kampuni haikukusudia kuiuza. Ilibidi kampuni ihangaike kuirejesha, na ikaipata kwa kumpa mwenyewe gari mpya badala yake. Leo imo katika jumba la makumbusho la The Henry Ford, Dearborn. Lau kama namba isingeandikwa, nani angejua ni ipi miongoni mwa maelfu ya gari zinazofanana nayo?

Wakati mwingine mapambo yenyewe hugeuka kuwa kalenda. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia mwezi wa Disemba 1941, serikali yake ilihitaji nikeli, kromu na madini mengine kwa ajili ya silaha. Gari zilizoundwa mwanzoni mwa 1942 zilikatazwa kung'arishwa kwa madini hayo isipokuwa katika bampa, na sehemu zilizokuwa ziking'aa zikapakwa rangi tu. Kisha mwezi wa Februari 1942 kazi ya kuunda gari za raia ikasimamishwa kabisa, na viwanda vikaunda vifaru, ndege na malori ya jeshi. Basi mtu akiikuta gari ya mwaka huo ambayo mapambo yake yalipakwa rangi tangu kiwandani, anajua kwamba imezaliwa katika muda wa majuma machache tu. Taji la gurudumu na ukingo wa taa vinasimulia vita vya dunia.

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja yetu. Chuma kina mpaka wa ushahidi wake. Gari ya Pontiac GTO ya 1964 na 1965 haikuwa gari ya daraja lake peke yake. Ilikuwa ni Tempest LeMans iliyoagizwa pamoja na injini kubwa na vifaa maalumu. Kwa hiyo namba yake haisemi kama ni GTO ama si GTO, na hali hiyo ilibadilika mwaka 1966 ilipopewa namba ya mfululizo wake yenyewe, 242. Kwa Chevrolet Chevelle mambo yalikwenda kinyume. Kuanzia 1966 hadi 1968 ile SS 396 ilikuwa na namba yake, 138, lakini kuanzia 1969 iligeuzwa kuwa kifurushi cha vifaa cha kuagizwa, na namba ikanyamaza. Namba inaponyamaza, karatasi ndiyo inayobaki kusema.

Karatasi hizo ziko wapi? Jawabu lake linapaswa kumuamsha kila mkuu wa masjala. Za Pontiac zilinusurika, na mwenye gari aweza kupata nakala ya ankara ya kiwanda. Za Ford kuanzia mwaka 1967 zimehifadhiwa, na taarifa ya gari moja moja yaweza kuagizwa. Lakini kwa gari nyingi za Chevrolet zilizouzwa Marekani katika miaka ya 1950 na 1960, kumbukumbu ya gari moja moja haipatikani kiwandani. General Motors ya Canada ilizitunza za gari za upande wake. Kampuni ya Studebaker iliacha kuunda gari mwezi wa Machi 1966, ikafa, lakini maagizo yake ya kiwandani yamo hadi leo katika makumbusho ya South Bend, Indiana. Tuyatafakari haya. Kampuni iliyokufa imeacha madaftari yanayosema, ilhali kampuni tajiri inayoendelea kuishi imekuwa bubu juu ya mamilioni ya gari ilizozileta duniani.

Ubepari huitazama karatasi kwa jicho la faida. Gari ikishauzwa na muda wa dhamana ukishapita, karatasi huhesabiwa kuwa ni taka inayojaza ghala. Tungependa kusema kwamba ofisi za umma hufikiri vyengine. Ukweli ni kwamba nazo mara nyingi zimeyaachia madaftari yakaliwa na mchwa, yakavujiwa na mvua, ama yakauzwa kwa wafungaji wa njugu. Tofauti ni kwamba kampuni ikipoteza daftari hupoteza historia yake yenyewe, na Serikali ikipoteza daftari hupoteza haki za watu.

Hapana mahali panapolidhihirisha hilo kuliko Cuba, nchi ya visiwa kama yetu. Baada ya Mapinduzi ya 1959, Marekani iliiwekea vikwazo vya biashara, na gari za Kimarekani zilizokwishaingia zikabaki bila ya mama. Wananchi wa Cuba wakazitunza kwa jasho lao. Walizitia injini za dizeli, wakazifunga vipuri vya gari za Kisovieti, wakachonga kwa mikono yao vitu ambavyo viwanda vya Detroit vilikuwa vimeshaviacha. Wanaziita almendrón, yaani lozi kubwa, kwa umbo lake la mviringo, na hadi leo zinabeba abiria wa Havana. Hatuwezi kuwaita watu hao walaghai kwa kuwa injini si ya asili. Gari ile haidai kuwa kitu isichokuwa. Kubadilisha kwa dhiki ni jambo moja, na kubadilisha ili kumdanganya mnunuzi ni jambo jingine kabisa.

Lakini huko huko Cuba tarehe ilikuwa na nguvu ya sheria. Kwa miongo mingi gari ambazo raia aliweza kuziuza na kuzinunua kwa uhuru zilikuwa ni zile zilizokuwapo kabla ya Mapinduzi. Vikwazo hivyo vililegezwa kwa sheria ya 2011. Fikirini, ndugu wasomaji, uzito uliokuwamo katika mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Mwaka mmoja mbele au nyuma ulimfanya mtu kuwa mwenye mali anayoweza kuiuza, au mwenye mali asiyoweza kuiuza. Hapo daftari si pambo la ofisi.

Sisi wa visiwa hivi nasi tuna historia ndefu na bidhaa za Marekani. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na kitambaa kilicholetwa na merikebu zao kikapewa jina la merikani. Baadaye kitambaa cha namna hiyo kilifumwa Uingereza na Bombay, na jina likabaki lile lile. Jina lilihama, asili haikuhama nalo. Mfanyabiashara makini hakuridhika na jina. Aliushika uzi kwa vidole na akaukagua muhuri uliopigwa kwenye jora.

Bandarini leo hazishuki Bel Air. Zinashuka gari zilizotumika kutoka Japani, nazo zinauliza suali lile lile: zimezaliwa lini? Ushuru wa gari iliyotumika huangalia umri wake, na umri hutegemea tarehe gani imesomwa. Cheti cha Kijapani huonyesha tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza, nayo yaweza kuachana na tarehe ya kuundwa. Aghlabu mwaka wenyewe huandikwa kwa hesabu ya zama za wafalme wao, hivi kwamba mwaka wa 20 wa Heisei ni 2008, na mwaka wa kwanza wa Reiwa ni 2019. Watu waliozoea kuishi kwa kalenda mbili, ya Hijria na ya Miladia, hawana udhuru wa kubabaishwa na jambo hilo. Karani akikosea, ama mwananchi hutozwa asichostahiki kutozwa, ama hazina ya umma huibiwa. Na akikosea kwa makusudi baada ya kupenyezewa kitu mkononi, hilo si kosa tena, ni khiyana.

Kwa hivyo tunatoa rai zifuatazo. Kwanza, ofisa anayeipokea gari aisome namba ya chesisi kwenye chuma chenyewe kwa macho yake, asiridhike kuinakili kutoka karatasi aliyoletewa na wakala. Pili, daftari la usajili wa vyombo vya moto liwe na nafasi mbalimbali za tarehe ya kuundwa, ya kusajiliwa mara ya kwanza ugenini, na ya kusajiliwa hapa, na isiandikwe moja mahali pa nyingine. Tatu, mafundi bodi wafundishwe kwamba kibao cha kiwanda hakikatwi, hakifunikwi kwa rangi wala hakihamishwi, na panapokuwa hapana budi kulikata bati lenye namba, taarifa itolewe kabla ya kazi. Marekani yenyewe, yenye kuabudu soko huria, ilipitisha mwaka 1984 sheria inayokufanya kufuta au kubadilisha namba ya gari kuwa ni kosa la jinai. Nne, madaftari ya zamani ya usajili yasitupwe baada ya kompyuta kuingia. Yapelekwe Nyaraka za Taifa, kwa kuwa kompyuta inajua tu kile ilichoandikiwa.

Watakuwapo watakaosema kwamba nchi maskini haina nafasi ya kushughulikia ribiti na tarakimu. Jawabu letu ni kwamba nchi maskini ndiyo isiyoweza kumudu hasara ya uzembe. Tajiri akiuziwa Two-Ten kwa bei ya Bel Air atalalamika, kisha atanunua nyingine. Dereva wa visiwani aliyekusanya akiba na mikopo ya jamaa kwa ajili ya gari moja ya abiria hana gari ya pili. Akigundua kwamba namba ya chesisi imechezewa, na gari ikazuiliwa, riziki ya nyumba nzima imekwenda na maji.

Tazameni tena kile kibao cha Fisher Body. Mfanyakazi aliyekigonga hakujua kwamba baada ya zaidi ya nusu karne mtu angekisugua kutu ili apate kuusoma ukweli. Alikuwa anatimiza wajibu wa zamu yake, akaandika kilichokuwa mbele yake. Karani wa visiwani anayeandika leo naye hajui ni nani atakayelifungua daftari lake baada ya miaka 60, wala ni haki ya nani itakayosimama au kuanguka kwa tarakimu aliyoiandika. Na aiandike iliyo sahihi.